Makrofaji na Alama Zake: Namna Seli za Ulinzi Zinavyotambuliwa Mwilini

Makrofaji ni seli kubwa za mfumo wa kinga zinazomeza vijidudu, seli zilizokufa na mabaki mengine yasiyotakiwa, na hupatikana karibu katika kila tishu ya binadamu, iwe ni mapafu, ini, bandama ambayo wengine huiita wengu, ubongo, ngozi, mifupa, moyo au kondo la nyuma la mama mjamzito. Kwa kuwa zote zinaitwa kwa jina moja, ni rahisi kudhani kwamba ni seli za namna moja zilizotawanywa tu sehemu mbalimbali, ilhali makrofaji ya ubongo na ile ya pafu hutofautiana kwa umbo, kwa asili, kwa protini zilizo juu ya utando wake na kwa kazi inayofanya kila siku. Mtaalamu anayechunguza kipande cha tishu kilichotolewa kwa mgonjwa hawezi kuridhika na kusema kwamba ameona makrofaji. Hana budi kueleza ni makrofaji ya aina gani, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu hakuna alama moja, hata iwe maarufu kiasi gani, inayotosha peke yake kujibu swali hilo.

Mtu wa kwanza kueleza kwa kina kazi ya seli zinazomeza alikuwa Élie Metchnikoff, mwanabiolojia aliyezaliwa katika Dola ya Urusi, ambaye mwaka 1882 akiwa Messina, katika kisiwa cha Sicily, alichoma miiba midogo ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo miili yake ni myangavu kiasi cha kuonyesha kilicho ndani, akaona seli zinazotembea zikiuzunguka kila mwiba. Kutokana na uchunguzi huo na mwingine uliofuata, alijenga hoja kwamba mwili hujilinda kwa kumeza kilichouvamia, na mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich. Hata hivyo, baadhi ya seli ambazo leo zinahesabiwa kuwa makrofaji zilikuwa zimekwisha kuonekana kabla yake bila kufahamika vizuri. Mwaka 1876 Karl Wilhelm von Kupffer alieleza seli zenye umbo la nyota ndani ya ini, na yeye mwenyewe alipata kuamini kwamba ni sehemu ya kuta za mishipa midogo ya damu. Katika ubongo ilibidi kusubiri hadi mwaka 1919, pale Mhispania Pío del Río Hortega alipotumia rangi yenye madini ya fedha kutenga seli ndogo zenye matawi ambazo aliziita mikroglia. Kila kiungo kikapata jina lake, na majina hayo yakadumu, lakini hayakusema lolote kuhusu undugu wa seli hizo.

Mahali seli ilipo ndiyo alama ya kwanza, na bado ni alama yenye thamani kubwa kuliko wengi wanavyokiri. Seli za Kupffer hukaa ndani ya mifereji myembamba ya damu ya ini, zikichuja damu itokayo kwenye utumbo pamoja na bakteria wanaoponyoka humo. Makrofaji za mapafu hukaa juu ya vifuko vya hewa, mahali ambapo pumzi hukutana na damu, na hulazimika kusafisha vumbi, moshi na ute wenye mafuta unaozuia vifuko hivyo visijikunje. Kwa sababu hiyo mara nyingi hukutwa zimebeba chembe nyeusi za kaboni. Utafiti uliofanywa nchini Malawi kwa kuosha mapafu ya watu waliojitolea na kuzichunguza seli zilizopatikana ulionyesha kwamba weusi huo unahusiana na nishati inayotumika nyumbani, jambo ambalo linazihusu moja kwa moja familia za Afrika Mashariki zinazopika kwa kuni na mkaa ndani ya jiko lisilopitisha hewa.

Kile kilichomezwa, kwa hiyo, ni ushahidi. Katika sehemu nyekundu ya bandama, makrofaji humeza chembe nyekundu za damu zilizozeeka, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi, na kwa jumla mwili huondoa takriban chembe milioni 2 kila sekunde, ukirudisha kwenye mzunguko miligramu 20 hadi 25 za madini ya chuma kila siku, kiasi kikubwa mara nyingi kuliko kile kinachofyonzwa kutoka kwenye chakula. Rangi ya Perls, inayotumika tangu karne ya kumi na tisa, huyageuza madini hayo kuwa buluu, hivyo makrofaji iliyojaa chuma hujitokeza mara moja chini ya hadubini. Mgonjwa aliyeugua malaria mara nyingi huwa na makrofaji zenye vidonge vya kahawia iliyokolea katika bandama na ini, navyo ni mabaki ya himoglobini iliyoyeyushwa na vimelea. Mgonjwa wa kalaazari, ugonjwa unaojulikana sana katika maeneo kama Baringo na Turkana nchini Kenya, hukutwa na makrofaji zilizojazwa vimelea vyenyewe, kwa kuwa leishmania huzaliana ndani ya seli ile ile iliyokusudiwa kuviua. Katika hali kama hizi, kuitambua makrofaji na kuutambua ugonjwa ni tendo moja.

Hakuna mfano unaoonyesha jambo hili kwa uwazi kuliko ule uliotoka Kampala. Mwaka 1958 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliowapata watoto wa Kiafrika, uvimbe unaokua kwa kasi ya kutisha, ambao baadaye ulithibitishwa kuwa saratani ya seli za limfu na ukaitwa limfoma ya Burkitt. Chini ya hadubini, seli za saratani hiyo zimesongamana na kuwa na rangi ya buluu nzito, na katikati yake kumetawanyika madoa meupe, mwonekano ambao wanapatholojia duniani kote wameuita anga lenye nyota. Kila nyota ni makrofaji moja. Saratani hii hugawanya seli zake upesi mno, na seli nyingi hufa hata kabla ya kukomaa, kwa hiyo makrofaji huingia kuziokota maiti hizo, zikatanuka, ute wake wa ndani ukawa mweupe, na ndani yake vikabaki vipande vya viini vya seli zilizokufa vinavyoshika rangi kwa nguvu. Vipande vya namna hiyo vilikuwa vimeelezwa na Walther Flemming tangu mwaka 1885, alipokuwa akichunguza tezi za limfu zisizo na saratani yoyote.

Jambo hilo la mwisho linastahili kukaziwa. Nyota za Burkitt huonekana pia katika saratani nyingine zinazokua haraka, na huonekana hata katika tonsili za mtu mwenye afya, mahali ambapo seli zinazotengeneza kingamwili huchujwa na zile zisizofaa hufa kwa wingi. Daktari anayeona nyota peke yake anajua kwamba kuna seli nyingi zinazokufa na kwamba kuna makrofaji zinazozisafisha. Hajui bado kwamba mtoto ana saratani. Ni lazima aunganishe umbo, mahali, hali ya seli zilizoizunguka makrofaji na vipimo vingine ndipo atoe hukumu.

Kifua kikuu kinaleta ugumu wa namna nyingine. Bakteria wake, aliyetambulishwa na Robert Koch mwaka 1882, humezwa na makrofaji za vifuko vya hewa lakini mara nyingi haangamizwi, na mwili hujibu kwa kujenga uvimbe mdogo wenye seli nyingi zilizopangwa kuizunguka sehemu yenye maambukizi. Ndani ya uvimbe huo makrofaji hubadilika umbo: nyingine hurefuka na kushikamana hadi zikafanana na seli za ngozi, nyingine huungana na kuwa seli kubwa mno yenye viini vingi vilivyojipanga kama mwezi mwandamo pembezoni mwake, na nyingine hujaa mafuta. Zile zenye viini vingi zinaitwa seli za Langhans, kwa jina la Theodor Langhans aliyezieleza mwaka 1868, nazo hazina uhusiano na seli za Langerhans za ngozi, zilizoelezwa na Paul Langerhans mwaka huo huo wa 1868. Wanafunzi wa udaktari huzichanganya kila mwaka, na kosa hilo linaeleweka. Katika ukoma nako, mgonjwa ambaye kinga yake inapambana vikali huwa na makrofaji zilizorefuka zenye bakteria wachache, na yule ambaye kinga yake imelegea huwa na makrofaji zenye povu la mafuta, zikiwa zimefurika bakteria. Bakteria ni wa aina moja na seli ni za ukoo mmoja, lakini sura ni mbili.

Umbo na mahali vilitosha kwa muda mrefu kwa sababu hapakuwa na kingine. Hali ilibadilika mwaka 1975, wakati Georges Köhler na César Milstein walipogundua mjini Cambridge njia ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, zinazoshika protini moja na kuacha nyingine zote, ugunduzi uliowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1984. Kingamwili hizo zikipakwa rangi au kuunganishwa na dutu inayong'aa, huonyesha ni seli gani iliyobeba protini inayotafutwa. Maabara nyingi zilianza kutengeneza kingamwili zake na kuzipa majina tofauti, hata ikabidi wanasayansi wakutane Paris mwaka 1982 kukubaliana juu ya hesabu moja, na tangu hapo protini za juu ya seli za damu na kinga hutajwa kwa herufi CD na namba.

Kwa makrofaji za binadamu, protini zinazotajwa mara nyingi ni CD68, CD163, CD14, CD64 na CD206. Ya kwanza, CD68, hukaa hasa katika vifuko vya ndani ya seli ambamo kilichomezwa humeng'enywa, kwa hiyo huonekana vizuri katika seli yenye shughuli nyingi ya umezaji, lakini baadhi ya kingamwili zinazotumika kuitafuta huzishika pia seli nyingine zitokazo kwenye uboho ambazo si makrofaji kabisa. CD163 ni makini zaidi. Kazi yake ni kushika himoglobini iliyomwagika kwenye damu baada ya kuunganishwa na protini iitwayo haptoglobini, na kwa sababu hiyo hupatikana kwa wingi katika makrofaji za bandama na ini. Mikroglia hutafutwa kwa protini nyingine, TMEM119 na P2RY12, ambazo husaidia kuitenga na makrofaji zinazoingia ubongoni kutoka kwenye damu wakati wa ugonjwa. Hata protini hizo mbili hupungua mikroglia inapochokozwa, yaani alama hufifia wakati ule ule inapohitajiwa zaidi.

Tahadhari nyingine inahusu wanyama wa maabara. Kingamwili iitwayo F4/80, iliyotengenezwa Oxford na kutangazwa mwaka 1981 na Jonathan Austyn na Siamon Gordon, imekuwa nguzo ya utafiti wa makrofaji za panya kwa miongo mingi, lakini protini inayolingana nayo kwa binadamu haipo juu ya makrofaji kwa namna ile ile, bali juu ya esinofili, chembe nyeupe za damu zinazohusika na mzio na minyoo. Msomaji anapokuta habari kwamba wanasayansi wametambua aina mpya ya makrofaji, swali la kwanza la kuuliza ni kama aina hiyo imeonekana kwa binadamu au kwa panya tu.

Njia ya kuzihesabu alama hizi imekuwa ya kisasa zaidi. Seli zikitenganishwa na kuelea katika maji, hupitishwa moja moja mbele ya mwale wa leza, na mashine husoma ukubwa wa kila seli, wingi wa chembechembe zilizo ndani yake na rangi za kingamwili zilizoishika, kwa maelfu ya seli kila sekunde. Hata hapa makrofaji huleta shida, hasa zile za mapafu, kwa sababu hung'aa zenyewe kabla ya kupakwa rangi yoyote, na mtafiti asiyeweka kipimo cha kulinganishia anaweza kuhesabu mng'ao huo kuwa ni protini.

Swali la asili lilionekana kujibiwa mapema kuliko lilivyostahili. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Ralph van Furth na Zanvil Cohn walionyesha kwamba uboho huzalisha monositi, seli changa zinazosafiri kwenye damu na kuingia katika tishu ambako hugeuka kuwa makrofaji, na kwa takriban miaka 40 vitabu vilifundisha kwamba makrofaji zote hupatikana hivyo. Mwaka 2010 kundi la watafiti lililowajumuisha Florent Ginhoux na Miriam Merad lilionyesha, kwa panya waliowekewa alama za jeni, kwamba mikroglia hutoka kwenye kifuko kidogo kinachoambatana na kiinitete katika siku zake za mwanzo kabisa, kabla uboho haujakuwepo, kisha hujizalisha humo humo ubongoni maisha yote. Tafiti zilizofuata ziliongeza sehemu kubwa ya seli za Kupffer na seli za Langerhans kwenye orodha ya seli zenye asili ya kiinitete, wakati makrofaji za utumbo huendelea kujazwa na monositi.

Kwa binadamu, ambaye hawezi kuwekewa alama kama panya, ushahidi umetoka kwa watu waliopandikizwa viungo. Mtu aliyepandikizwa mkono wa mwingine alikutwa, miaka mingi baadaye, bado ana seli za Langerhans za aliyetoa mkono huo zikiishi katika ngozi yake, jambo lisilowezekana kama seli hizo zingekuwa zinajazwa kutoka kwenye damu yake mwenyewe. Kwa waliopandikizwa mapafu, matokeo ya baadhi ya tafiti yamekuwa kinyume: makrofaji nyingi za vifuko vya hewa hugeuka kuwa za mpokeaji, zikionyesha kwamba pafu lililojeruhiwa huomba msaada wa monositi. Makrofaji mbili zinaweza kukaa katika kifuko kimoja cha hewa, zikafanana kwa umbo, na bado moja ikawa mwenyeji tangu kuzaliwa na nyingine mgeni wa juzi, na wageni hao mara nyingi ndio wenye uwezo mkubwa wa kuchochea uvimbe na makovu.

Kuna namna moja ya kuzigawa makrofaji ambayo imeenea sana na ambayo imeleta madhara. Mwaka 1992 Siamon Gordon na wenzake walieleza kwamba interlukini 4, kemikali ambayo seli za kinga hutumia kuwasiliana, huiamsha makrofaji kwa njia tofauti na ile ya interferoni gama, kemikali nyingine ya namna hiyo, na mwaka 2000 Charles Mills na wenzake, wakilinganisha koo mbili za panya, walipendekeza majina M1 na M2. M1 ilikuwa makrofaji inayobadilisha asidi amino iitwayo arginini kuwa naitriki oksaidi yenye kuua vijidudu, na M2 ilikuwa ile inayoibadilisha arginini hiyo hiyo kuwa dutu zinazosaidia kukua kwa seli na kuponya majeraha. Pendekezo hilo lilikuwa na maana katika mazingira yake, lakini likachukuliwa na kufanywa sheria ya mwili mzima, hata makala nyingi zikaanza kuhesabu seli zenye CD163 au CD206 na kutangaza kwamba ni M2, zisizo na CD hizo kwamba ni M1.

Utaratibu huo haukubaliki. Makrofaji za mapafu ya mtu mwenye afya zina CD206 nyingi kwa kawaida yake, bila jeraha wala uponyaji wowote. CD163 huongezeka mgonjwa anapopewa dawa za jamii ya kotisoni, kwa hiyo alama inayodaiwa kueleza ugonjwa inaweza kuwa inaeleza matibabu. Naitriki oksaidi, iliyo rahisi kupatikana kwa makrofaji za panya, ni ngumu kuipata kwa makrofaji za binadamu zilizokuzwa maabara. Katika tumbili waliougua kifua kikuu, uvimbe mmoja ulikutwa na vimeng'enya vya namna zote mbili kwa wakati mmoja, vya kuua vikiwa vingi kuelekea katikati na vile vya kutuliza vikiwa vingi kuelekea pembezoni. Mwaka 2014 utafiti uliotumia vichocheo karibu 30 tofauti juu ya makrofaji za binadamu ulionyesha majibu mengi yasiyoweza kuingizwa katika makundi mawili, na mwaka huo huo wataalamu kadhaa walishauri kwamba makrofaji iliyokuzwa maabara itajwe pamoja na kichocheo iliyopewa, na kwamba kila andiko lieleze seli zilitolewa wapi, zilikuzwa vipi na alama zipi zilipimwa. Ushauri huo ni wa busara, na inasikitisha kwamba makala zinazogawa seli za wagonjwa kuwa M1 na M2 kwa alama moja au mbili zinaendelea kuchapishwa.

Leo inawezekana kusoma RNA, yaani nakala za jeni zinazofanya kazi, kutoka kwa seli moja baada ya nyingine, na njia hii imeonyesha makundi ambayo kingamwili chache zisingeyafichua, kama vile makrofaji zenye protini TREM2 zinazojikusanya palipo na mafuta mengi, katika mishipa ya damu iliyoziba na katika mafuta ya mwili ya watu wanene. Njia hii nayo ina upungufu: ili kuzisoma seli ni lazima tishu ivunjwevunjwe, na makrofaji zilizojishikiza kwa nguvu hufa au hubaki nyuma, na zile zinazonusurika hushtuka na kuwasha jeni ambazo hazikuwa zikifanya kazi mwilini. Ndiyo maana kipande cha tishu kilichokatwa kwa wembamba na kupakwa rangi chini ya hadubini hakijapitwa na wakati.

Kwa hospitali za Afrika Mashariki, ambako tishu za kifua kikuu, kalaazari na limfoma ya Burkitt hupita mezani mara nyingi kuliko katika vituo vya Ulaya, hilo lina maana ya moja kwa moja. Kingamwili dhidi ya CD68 au CD163 hufanya kazi vizuri tu ikiwa tishu ilihifadhiwa vizuri tangu ilipotolewa. Kipande kilichoachwa juani au kutumbukizwa katika dawa kidogo isiyokifunika huoza kutoka ndani, na hakuna rangi itakayokirudishia kilichopotea. Kila daktari na muuguzi anayetoa kipande cha tishu akiweke mara moja katika formalini ya asilimia 10 iliyo nyingi kuliko kipande chenyewe, na aandike kwenye fomu kimetolewa sehemu gani ya mwili, saa ngapi, na kama mgonjwa alikuwa ameanza kutumia dawa za kotisoni.